Chama cha Waandika Maelekezo na Muhogo Mchungu

Wanyama walipoanza kufundishana mapishi, Nungunungu mcha Mungu aliongoza Chama cha Waandika Maelekezo. Wanachama walisomeana, wakasifiana, wakagonga muhuri. Fuko alipoomba kujiunga, walimcheka: "Bibiye, hata muhogo hujui kupika!"

Fuko akachukua maelekezo yao ya muhogo: menya, chemsha, ule. Akapika vivyo hivyo. Mwanawe akala, nusura afe.

"Muhogo mchungu hulowekwa kwanza," Nungunungu alimkemea. "Nani asiyejua?"

"Mimi, kaka. Ningejua, ningesoma ya nini?"

Miiba ikamlala Nungunungu. "Mola anisamehe. Tulisomeana wajuzi watupu. Karibu chamani, dada. Kila andiko utalisoma wewe kwanza."

Fuko akaketi, akauliza, "Muhogo unalowekwa siku ngapi?"

Wajuzi wakatazamana, na kila mmoja akataja idadi yake.