Dozi ya Tusekile

Siku hizo kila mtu alikuwa na haki ya dozi moja tu ya antibiotiki maishani mwake, na mnyama hakuwa na haki hata ya tone. Ng'ombe akiugua kiwele, dawa yake ilikuwa kisu.

Kiwele cha Ndimu, ng'ombe wa Tusekile, kilivimba kikawa cha moto, maziwa yakatoka na mabonge. Bwana mifugo alimtikisia Tusekile kichwa. "Mama Lusajo, mchinjeni kabla hajakonda."

"Huyu ndiye aliyewalea wanangu maziwa yangu yalipokauka. Simchinji!"

Akaenda zahanati kudai dozi yake. Muuguzi alipomuuliza anaumwa nini, alijibu, "Titi," wala hakusema la nani.

Mumewe, Ambwene, akamzuia mlangoni mwa banda. "Na wewe ukiugua?"

"Nitaugua. Leo anayeumwa ni yeye. Mshike."

Ambwene akamshika ng'ombe, Tusekile akachoma sindano ya kwanza. Kila alipokamua, alimwaga maziwa shimoni, mpaka dawa ikaisha mwilini. Uvimbe ukanywea. Ndimu akapona.

Asubuhi moja Tusekile alichukua mundu kwenda kukata majani. Ambwene akamkamata mkono. "Niende mimi. Ukijikata, kidonda kikaoza, na dozi huna?"

Tusekile akavibandua vidole vya mumewe, kimoja kimoja. "Ng'ombe wangu, majani yangu," akasema, akashika njia ya bondeni.

Ambwene alibaki uani akiusikiliza mundu ukifyeka. Kila uliponyamaza, alizuia pumzi mpaka ulipoanza tena.