Nyumba ya Tisa

Jengo la tisa lilikuwa kimya. Wendell Tuckey alisimama juu kabisa ya ghorofa la kuegeshea magari, darubini machoni, jua la Orlando likimchoma utosi, akatega sikio. Nyuma ya uzio wa bustani ya burudani ya Moonpalm, kwenye majengo manane, misumari ilikuwa ikigongwa tangu asubuhi. Kwenye la tisa hapakuwa na ubao hata mmoja.

Mlinzi alipanda ngazi, akawafukuza vijana wawili waliokuwa wakipiga picha, kisha akampita Wendell bila kumsemesha. Wendell hakumtazama. Alikuwa na lake moyoni. Jumatatu watu wangetaka kumsikia akizitaja nyumba zote tisa ambazo watu wataingia kutishwa kwenye Halloween ya mwaka huu, sikukuu ya mizimu ya Oktoba, na yeye alikuwa nazo nane tu. Walikwishamwambia bila kumumunya maneno: akikosa safari hii, watatafuta mwingine. Umri wote huu, na hana kitu kingine anachokijua duniani.

Akateremka kwenda mgahawani. Hapo ndipo walipokutana kila Jumamosi wapenzi wa nyumba hizo, watu wanaoanza kubishana juu ya Oktoba hata Mei haijaisha. Dwight Pomeroy, dereva mstaafu wa basi, alikuwa amekwishazivamia chapati za maji, asali inamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Marisol Quiñones alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu hospitalini, bado ana sare yake ya uuguzi.

"Huyo kaja, mtabiri wetu!" Dwight alipaza sauti. "Haya, bwana mkubwa, tupe. Ya tisa ni ipi?"

"Sijui," Wendell akasema.

Wakaangua kicheko mpaka mhudumu akageuka.

"Kila mwaka hajui, na kila mwaka anapatia zote!" alisema Marisol. "Wee Wendell, uchoyo huo utakuua."

"Kweli sijui. Ndiyo maana nawauliza nyinyi."

"Basi uliza bingwa," Dwight akajigonga kifua. "Nani alisema machinjio ya kuku mwaka juzi? Mimi! Hapa hapa, kwenye kiti hiki, mdomo umejaa. Oktoba tunaingia, kuku hao wananing'inia!"

"Umeshatuambia mara mia, Dwight."

"Na ya mia na moja inakuja. Sasa sikilizeni. Lile jengo limenyamaza kwa sababu kuna jambo zito mle ndani. Wanaficha. Wale wana watu kazi yao ni kufikiri tu, asubuhi mpaka jioni. Unadhani mchezo?"

Wendell aliinamia kahawa yake. Ilikuwa imepoa, lakini aliinywa. Kisha akamgeukia Marisol.

"Ingekuwa wewe, ungejenga nini?"

"Mimi?" Marisol aliguna. "Mimi nimewaomba kazi pale mara nne, wananijibu wabunifu wanao wa kutosha." Akawa anazungusha uma kwenye sahani bila kula. "Ningejenga mashuka."

"Mashuka?" Dwight akacheka. "Nani anaogopa mashuka?"

"Nyamaza nikwambie. Kwa bibi yangu, mjini Ponce, kisiwani kwetu, tufani ilipita, umeme ukakatika. Tulikuwa tumepigilia mbao madirisha yote. Bibi akafua, akaanika ndani, korido nzima mashuka matupu. Mimi mtoto, napita katikati naenda jikoni. Yananigusa usoni, yana unyevu, yana harufu ya sabuni. Basi shuka moja likapumua."

"Likapumua vipi?"

"Likavuta ndani, likaachia. Upepo hakuna. Likavuta tena. Nikajua ni bibi ananichezea, nikamwita, 'Abuela?' Akaniitikia kutoka jikoni."

Dwight aliacha kutafuna.

"Hiyo ndiyo nyumba yangu," Marisol akasema. "Huhitaji damu wala misumeno. Mashuka tu, na unajua moja lina mtu, hujui lipi. Lakini wale hawawezi kuijenga. Akili hizo wazitoe wapi?"

Wendell alisogeza kikombe kando, akaegemea meza. Alimpenda sana Marisol wakati ule, na aliona haya, na haya hiyo haikumzuia kumwuliza mashuka yalikuwa ya rangi gani.

"Meupe. Ya zamani, yana viraka. Kwa nini?"

"Nataka kuyaona tu," akasema, akamwagizia chai nyingine.

Jumatatu alivaa shati safi. Alipofika ukumbini, watu walikuwa wamekwishaizunguka meza wanamsubiri. Akazitaja nane za mwanzo, wakawa wanaitikia kwa vichwa, maana hizo hazikuwa ngeni kwao.

"Na ya tisa?" akauliza mama mmoja mwenye miwani aliyekaa mwisho wa meza. Hakutabasamu.

Wendell akaanza kusimulia. Alisimulia mbao za madirishani na korido na harufu ya sabuni, na viraka hakuvisahau. Bibi alimfanya wake yeye mwenyewe, wa Georgia. Alipofika mahali ambapo bibi anaitikia kutoka jikoni, mtu mmoja pale mezani alisogeza kiti chake nyuma.

Yule mama alivua miwani, akajisugua mikono kama aliyepigwa na baridi.

"Wendell, umenisisimua nywele," alisema. "Waite maseremala waanze kuijenga leo hii kwenye lile jengo la tisa. Na chonde, wale mashabiki wako wa nje ya uzio wasije wakapata hata tetesi."