Waliokimbilia Milimani

"Hakuna Usha Ranade hapa, bosi," karani alisema, akiligeuza daftari la wageni ili Shirish ajionee mwenyewe.

"Na Pendse je? Mwanamume. Labda ameandika jina lake tu."

Karani alipitisha kidole ukurasa mzima. "Hata huyo hayupo." Akamtazama Shirish, akashusha sauti. "Wametoroka, siyo? Pole sana. Kila wiki napata mtu kama wewe. Watoto wa siku hizi watatuua."

Alikuwa na picha kwenye simu, lakini hakuitoa. Aibu aliyokuwa nayo ilimtosha.

Hiyo ilikuwa nyumba ya wageni ya tano pale Lonavala, na saa nne asubuhi ilikuwa haijafika. Garini alimkuta mkewe, Mrunal, amepakata pakiti tatu za kashata.

"Umepata nafasi ya kununua kashata?"

"Nani anakuja Lonavala akarudi mikono mitupu? Hebu punguza hasira. Tunywe chai kwanza."

"Chai! Wakati wao wanazidi kwenda!"

Aliwasha gari kwa kishindo, nyani waliokuwa ukutani wakatawanyika.

Barua waliikuta mezani alfajiri, mistari miwili tu: *Nakwenda milimani na Pendse. Msinitafute.* Milima ipi, haikusema. Simu ilikuwa imezimwa.

Pendse alikuwa mwalimu wa kinanda, kile kidogo cha mvukuto. Miezi mitatu nyuma alifika nyumbani kwao Pune, shati limepigwa pasi, sanduku la peremende mkononi, akaomba kumwoa Usha kwa heshima zote. Shirish alimwonyesha mlango kabla chai haijaletwa. Kesho yake akapiga marufuku darasa la muziki. Dereva akaambiwa asimpeleke Usha popote ila hekaluni. Usha hakubishana. Alisema "sawa", akaingia chumbani kwake, na tangu siku hiyo hakuimba tena.

"Nilimpa kila kitu," Shirish alisema walipokuwa wakirudi kusini, vidole vyake vikigongagonga usukani. "Chumba kizuri kuliko chetu. Simu. Gari na dereva. Amekosa nini kwangu?"

"Uliwahi kumuuliza?"

"Jengo zima litajua. Nitaiweka wapi sura yangu, Mrunal? Angekuwepo baba, haya yasingetokea."

Mrunal aliangua kicheko, akajiziba mdomo. "Hapo umesema kweli tupu."

"Unacheka nini?"

"Tazama barabara."

Walipita mji wa Wai bila kusimama, wakaanza kupanda milima kuelekea Panchgani. Kila kona, Shirish alichungulia magari yanayoshuka. Basi likija, alijaribu kusoma nyuso madirishani. Mara mbili Mrunal alipiga kelele, na mara mbili Shirish akarudisha gari upande wake wa barabara dakika ya mwisho.

Panchgani alizunguka hoteli nne kwa mguu. Kwenye uwanda wa juu aliwauliza wenye farasi, akawauliza wapiga picha, akarudi amelowa jasho ingawa baridi ilikuwa inauma. Mrunal alikuwa kwenye kibanda cha stroberi, bakuli la pili mkononi.

"Muulize kaka huyu," alisema. "Yeye huona kila anayepita."

Shirish alimwambia muuza stroberi anawatafuta mwanamume na mwanamke, na kwamba huenda mwanamume amebeba kinanda.

"Aa, wale maharusi!" muuzaji alisema, uso ukimchangamka. "Wametoka hapa saa saba. Walicheka mpaka nikawaongezea krimu bure. Wanakwenda kutazama machweo Mahabaleshwar."

"Maharusi?"

"Si ndivyo walivyosema wenyewe? Mashada ya maua bado shingoni. Wewe ni ndugu yao? Mbona hukualikwa?"

Shirish aliweka bakuli la Mrunal juu ya meza, akamvuta mkewe mkono hadi garini. Hakujua tena kama aliyokuwa nayo ni hasira. Alikuwa na hotuba aliyoipanga tangu alfajiri, ya heshima na jina na shukrani, na sasa aliposaka mwanzo wake hakuuona.

Mahabaleshwar waliacha gari katikati ya foleni, wakaenda kwa miguu. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Watu walijaa kwenye ukingo wenye vyuma, lakini wengi wao walilipa jua kisogo. Walikuwa wamezunguka kitu.

Ndipo alipokisikia kinanda. Halafu sauti.

Aliijua sauti ile. Ilikuwa na mikwaruzo kidogo, ikapanda, ikatetemeka, ikashika tena, na mtu mmoja kwenye umati akamsifu, "Vah!" Shirish alisimama. Miezi mitatu nyumba yake ilikuwa kimya, na hakuwahi hata kugundua ni kimya cha nini.

"Polepole, Shirish," Mrunal alimnong'oneza. "Nakuomba."

Alipenya katikati ya watu. Wimbo uliisha, makofi yakapigwa. Waliketi kwenye benchi la mawe, wamempa mgongo. Mkono wa Pendse ulikuwa bado umeshika mvukuto wa kinanda. Kando yake, mkono wa mwanamke uliotokeza chini ya shali ulikuwa umepumzika juu ya goti lake, umejaa bangili za kijani za bibi harusi.

Shirish akamshika Usha bega.

Usha akageuka. Upepo ulikuwa umemvuruga nywele, zote nyeupe. Alimtazama Shirish kuanzia viatu hadi kichwani, wala hakushtuka.

"Umekula, mwanangu?" mama yake akamuuliza.