Kinachoishia Humohumo

Bi Siwema alikibwaga kitabu mezani kwa Tunu, muuza vitabu vya mtumba.

"Chukua majini yako! Kitabu changu cha kwanza tangu nijue kusoma, nimehangaika nacho miezi mitatu, mwisho kinaniambia nitafute sehemu ya pili. Binti wa watu nimemwacha mdomoni mwa joka! Ndiyo kusoma kwenyewe huku? Nimekoma."

"Nisamehe, shangazi. Kosa langu."

Tunu aliangalia meza yake. Hadithi zote za majini na mazimwi zilikuwa na sehemu ya pili, ya tatu, hata ya saba. Na mama huyu akiondoka mikono mitupu leo, hatashika kitabu tena.

Kilichoishia humohumo kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa mapajani mwake. Alikuwa akikisoma kurasa mbili kwa siku, makusudi, kisimwishie.

Alikifunua mwisho kuhakikisha ukurasa haujachanika, huku ameyaziba maneno kwa kiganja.

"Huyu ni malkia aliyekimbiwa na kivuli chake. Anakitafuta."

"Anakipata?"

"Sijui. Mimi nimefika hapa penye utepe wa kanga. Ukifika, usinisubiri, pita. Kisha uje unisimulie."

"Nikikuta sehemu ya pili?"

"Nitaitafuna hii meza."

Bi Siwema alicheka bila kutaka, akaketi palepale, kidole chini ya neno la kwanza, midomo ikichezacheza. Tunu alibaki akiutazama utepe mwekundu uliochungulia kati ya kurasa, mbali sana na kile kidole.