Firimbi ya Mwanakheri

Haraka haraka haina baraka, husema watu, lakini asubuhi ile baraka yote ya Mwanakheri ilikuwa katika haraka. Kazi yake ilikuwa kuotesha miche ya kuupa mji kivuli, kumbe kikopo chake cha dawa ya pumu kilikuwa kikisukuma dawa kwa gesi inayozidisha joto la dunia! Sasa alitaka dawa ya unga, isiyo na gesi. Ila unga haujipulizi. Sharti mgonjwa auvute mwenyewe, kwa nguvu na kwa ghafla.

“Vuta pumzi kupitia firimbi hii ya kupimia,” alisema muuguzi Rukia pale kliniki. “Ikilia, unga ni wako. Isipolia, mama, utarudi na kikopo chako.”

Akavuta polepole, kama alivyozoea. Kimya.

“Shoga, unavuta kama unaonja chai ya moto!” alicheka mwanamke mmoja kwenye foleni ya akina mama, mtoto mgongoni.

Mwanakheri akatoa pumzi yote kifuani, akakaza midomo, akavuta. Firimbi ikapiga ukelele! Watoto wachanga wakazinduka wakilia, foleni nzima ikapiga makofi.

“Haya, waombe radhi mama zao,” alisema Rukia, akijizuia kucheka.

“Siombi,” alisema Mwanakheri, na firimbi ikarudi mdomoni.