Zimeni Pasi

Mji ule ulikuwa na ugonjwa wake. Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri watu wote walipiga pasi kanzu kwa wakati mmoja, umeme ukanyong'onyea hata nzi akitua wayani taa zilififia. Kipimo cha mto nacho kilikadiria maji kwa kuyalinganisha na umeme uliokilisha, kwa hiyo kikishiba nusu kiliyaona marefu kuliko yalivyo. Namba ilipanda, Bi Mwantumu, mlinzi wa kipimo, akapaza sauti: "Zimeni pasi!" Watu wakazima, namba ikashuka, wakacheka.

Ijumaa hii namba ilipanda tena.

"Zimeni pasi!"

Wakazima, nyumba hadi nyumba. Balbu juu ya kipimo ikang'aa: umeme ulikuwa umerudi wote. Namba haikushuka. Ilizidi kupanda.

Bi Mwantumu akapaza sauti tena: "Kimbieni mlimani! Leo ni maji kweli!"

Jirani yake, Kibwana, alichungulia dirishani, pasi mkononi. "Ijumaa iliyopita pia ulitukimbiza mlimani, bibi, kumbe ni pasi tu, tukarudi na kanzu zina makunyanzi kama uso wangu. Ngoja nikuzimie na redio."

"Mwanangu, itazame taa! Inawaka sawasawa!"

Redio ikanyamaza. Katika ukimya ule wakawasikia mbwa wa mashamba ya juu mtoni, wote wakibweka kwa pamoja. Kisha wakaanza kunyamaza, kuanzia wale wa mbali.