Chuo Kisichonuna

Adoyo alikitukana chuo, akaiweka simu juu ya cherehani, akangoja.

"Ongeza," Namalwa akamwambia. "Hiyo ni kidogo. Kiambie ni cha wezi."

Walikuwa ndani ya kibanda cha Namalwa cha kushona nguo, mtaani Kiplombe. Simu pia ilikuwa ya Namalwa, kwa sababu ya Adoyo ilikuwa kabambe, ya kupiga na kupokea tu. Adoyo akaandika: "Nyinyi ni wezi." Jibu likaja taratibu, bila hasira.

"Pole kwa wasiwasi wako, mgeni wetu. Uliza lolote. Mimi ni Waiyego, msaidizi wa kidijitali wa Chuo cha Upeo Mpana."

"Umeona?" Namalwa akapiga makofi. "Hakinuni!"

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yao ya kumchagulia Adoyo chuo. Namalwa alikuwa na shangazi ambaye kijana akija kuposa, alimchokoza mpaka jasho limtoke. Alimpa chai bila sukari, akamwita kwa jina la kijana mwingine, akamuuliza kama hayo masikio ni ya ukoo wote. Akivumilia, mazungumzo yanaendelea. Akinuna, anaonyeshwa njia. Na chuo nacho, Namalwa alisema, si kinakuja tu kukuposa?

Chuo cha kwanza walichokichokoza kilijibu kwa ufupi: someni tovuti yetu, usajili wetu mnaweza kuuthibitisha serikalini, maswali mengine pigeni saa za kazi. Wakakifuta palepale.

"Kiburi gani hicho?" Namalwa alisema. "Kama kinakujibu hivyo kabla ya ndoa, baadaye si kitakupiga?"

Adoyo alicheka, lakini moyoni hakuwa anacheza. Alikuwa msaidizi wa darasa la watoto wadogo katika shule ya kanisa, na mwalimu mkuu alikuwa amemwambia wazi kwamba bila diploma, mwaka mpya nafasi yake inaenda kwa mwingine. Kuacha kazi akakae chuoni hangeweza. Chuo cha mtandaoni ndicho kingemfaa, tena kiwe cha kweli, maana ada ilikuwa pesa aliyopokea kwenye chama cha wanawake cha kuchangiana, na zamu yake isingerudi karibuni.

Kesho yake akamwuliza Waiyego, "Wewe ni mtu ama ni nini?"

"Mimi ni msaidizi wa kidijitali, mgeni wetu. Sichoki."

"Basi ni mashine," Namalwa akasema. "Iambie hata siri zako. Hiyo haina mdomo wa kupeleka maneno sokoni."

Wakauliza mitihani inasahihishwa na nani, na mazoezi ya kufundisha yanafanyiwa shule gani. Majibu yalikuwa matamu, ingawa yalizunguka kidogo. Halafu maongezi yakateleza, kama kawaida yao, yakafika kwa waume. Adoyo akaandika kwamba wake anakoroma kama mashine ya kusaga mahindi, na asubuhi anasema aliyekoroma ni yeye Adoyo.

Simu ikaonyesha kwamba jibu linaandikwa. Likaacha. Likaanza tena.

"Inajikuna kichwa!" Namalwa akaangua kicheko.

"Pole, mgeni wetu," likaja jibu. "Huenda mumeo anachoka sana kazini."

"Yawa!" Adoyo akashika kiuno. "Hata mashine inatetea wanaume!"

Saa ya chakula cha mchana Waiyego alinyamaza. Namalwa akasema inachajiwa.

Oluoch, mumewe Adoyo, hakuambiwa kitu. Alikuwa amekaa bila kazi muda mrefu, kisha ghafla akaanza kwenda town kila asubuhi amefunga tai ya kijani ya marehemu baba yake. Akiulizwa, anasema tu, "Mambo ya kompyuta, Mama Akumu. Ni hadithi ndefu." Namalwa hakuamini. Aliapa kwamba Oluoch anaosha magari ya matajiri huko Elgon View, na tai ni ya kuwapita walinzi. Adoyo hakubishana. Kuosha magari ni kazi kama kazi nyingine. Yeye alitaka tu kumshtua mumewe kwa furaha siku masomo yatakapoanza.

Ijumaa wakaamua. Chuo cha Upeo Mpana kilikuwa kimetukanwa, kimechekwa, kimeulizwa kama kimeoa, kimeombwa kikate bei mpaka mtu yeyote angekimbia. Hakikununa. Namalwa akaingiza nambari ya kulipia kwenye kabambe ya Adoyo, ikabaki namba ya siri tu.

"Ngoja kwanza niishukuru," Adoyo akasema. "Imenivumilia jameni."

Akaandika polepole, herufi moja moja.

"Waiyego, nataka kulipa sasa. Nilimsema mume wangu vibaya kwako lakini ni mtu mzuri. Kila siku anafunga tai ya kijani ya marehemu baba yake anaenda kazi ambayo hataki kuniambia, na akirudi hana hata nguvu ya kucheza na mtoto. Nikipata hii diploma nitashika nyumba mimi, na yeye apumzike. Kwa hivyo niambie kwa haki ya Mungu. Nyinyi ni chuo cha kweli?"

Jibu likaanza kuandikwa. Likaacha. Likaanza, likaacha.

"Weka namba ya siri bwana," Namalwa akasema. "Nina sare za watu za kumaliza."

Adoyo akanyoosha kidole. Kabla hajabonyeza, simu ya Namalwa ikalia, jibu la Waiyego limeingia.

"Mama Akumu, usitume. Hapa hakuna chuo, ni mimi na mwenzangu Wahome na hizi simu. Nakuja nyumbani."